Kombe halitolewi kopi

Kombe ni zile aya za Qurani anazoandika mwalimu kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Kama linafaa au halifai waulizeni masheikh, mie simo. Mie nataka tuzungumze zafarani, maana bila ya kuijua hiyo hutoelewa kwanini makombe ya siku hizi yana rangi ya biriani.

Zafarani ni vile vinyuzi 3 vya ndani ya ua, ua linachumwa kwa mkono alfajiri, halafu watu wanakaa kuvichambua kimoja kimoja, ndo maana kilo 1 kavu inakula maua kama 150,000 hivi, na nyingi inatoka Iran. Ikifika sokoni Darajani, Unguja, inauzwa kwa vigramu. Sasa mwalimu mwenye watu wamejaa barazani atafanyaje? Anakoroga rangi ya chakula na marashi anaandika, anotaka zafarani khasa aje nayo mwenyewe.

Na sahani vile vile, imepisha karatasi. Kwenye sahani nyeupe aya inazunguka na duara, kazi ya kutulia hiyo, na lazima ioshwe pale pale ili aandikiwe mwengine. Karatasi mwalimu anaandika usiku, anazianika, anazikunja, mteja anakwenda kuroweka kwao kwenye chupa ya maji. Mistari imenyooka kama daftari la skuli, kwa macho yangu ile ya sahani ilikuwa nzuri zaidi lakini nani ana muda.

Wahindi yaliwakuta mapema. Kolkata karne ya 19, karibu na hekalu la Kali pale Kalighat, wachoraji wakiitwa patua walikuwa wakiwauzia mahujaji picha za miungu yao. Walitoka vijijini walikozoea kuchora hadithi kwenye mikunjo mirefu, mjini wakakuta karatasi rahisi za kiwandani na wateja wenye haraka, basi picha ikawa karatasi moja, mistari minene, nyuma ya miungu patupu. Kisha zikaja picha za mashine, nyengine kutoka Ujerumani, bei chini na rangi kali, mwanzoni mwa karne ya 20 soko likawafia.

Kwetu fotokopi zipo kila kichochoro na mwalimu wa kombe hajakosa kazi. Ayatul Kursiy za fremu za ukutani ziliingia mashine zamani na hakuna alonuna, zile za kutazama tu. Kombe linanywewa jamani! Wino wa mashine unagandishwa kwa moto, uroweke mpaka mtondo hautoki, na ungetoka nani angekunywa? Kwa hiyo ukiona bei imepanda usiilaumu zafarani, pengine hata haimo, unalipia mkono wa mwalimu.