Picha Moja Kutokea Mara Mbili Makala Inapojisambaza Yenyewe Mitandaoni

Anayeendesha blogu ya WordPress na kuiunganisha na Facebook, Telegram au X ili kila makala mpya ijitume yenyewe, mapema au baadaye hukutana na jambo hili: makala imetoka vizuri, kichwa kipo, kiungo kinafunguka, lakini picha imetokea mara mbili, moja kando ya nyingine, kana kwamba mwandishi alitaka zilinganishwe. Nimelishughulikia tatizo hili katika blogu yangu, ambayo huandika habari za kilimo cha zabibu hapa Dodoma, na nimeona nieleze kwa kirefu chanzo chake na namna ya kulitatua, kwa sababu ushauri mwingi niliousoma unaishia kwenye kufuta kashe, yaani nakala za muda za kurasa na picha, na kufuta kashe peke yake hakugusi chanzo.

Wapo watakaosema picha kurudiwa ni jambo dogo. Kwangu si dogo hata kidogo. Nilikuwa nimechapisha makala kuhusu ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika majani na vishada vya zabibu kwa tabaka jeupe la ungaunga, nikaweka picha moja tu ya jani lililoshambuliwa. Katika ukurasa wa Facebook picha ile ikatokea mara mbili. Mzee mmoja mwenye shamba Hombolo akaniandikia: "Mwanangu, jani la kwanza na la pili yanatofautiana wapi? Nimeyatazama sana, sioni lipi zima na lipi gonjwa." Nikamjibu: "Shikamoo mzee. Ni jani lilelile moja, na ni gonjwa. Mfumo ndio ulioirudia picha." Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Katika makala ya kilimo, mtu akiona majani mawili yamewekwa pamoja hutarajia kuwa moja ni la mmea wenye afya na jingine la mmea unaougua, na asipoiona tofauti anaweza kulilaumu jicho lake mwenyewe, au akaenda kununua dawa ya kupulizia bila sababu. Tena msomaji huyo hulipia bando, na si haki akalipia picha ileile mara mbili.

Ili kuelewa kinachotokea, ni lazima kwanza kujua picha hufikaje kwenye mtandao wa kijamii. Njia ya kwanza ni tagi, yaani alama fupi za msimbo, zilizofichwa katika sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa. Mwaka 2010 Facebook ilianzisha utaratibu unaoitwa Open Graph, ambapo mwenye tovuti hutaja kichwa cha makala, maelezo mafupi na picha kwa tagi maalumu. Ile ya picha huandikwa og:image. Twitter, ambayo sasa ni X, ilifuata mwaka 2012 na kadi zake, na inapokosa tagi yake yenyewe huitumia ile ya Open Graph. Roboti ya mtandao, yaani programu inayopita ikisoma kurasa, huusoma ukurasa, huchukua picha iliyotajwa, na kutengeneza lile onyesho la kiungo, kisanduku chenye picha na kichwa cha makala, ambalo sote tumelizoea. Njia ya pili ni ya programu ya kusambaza kuichukua picha kuu ya makala, ile uliyoiteua kuiwakilisha, na kuipakia yenyewe kama picha, sawa na mtu anayepakia picha kutoka kwenye simu yake. Njia ya tatu ni mlisho wa RSS, yaani orodha ya makala mpya inayosomwa na programu nyingine, ambao unaweza kubeba picha ndani ya maandishi ya makala na pia katika sehemu yake ya viambatisho. Karibu kila tatizo la picha mbili nililolichunguza lilitokana na njia mbili kati ya hizi kufanya kazi kwa pamoja, au na njia moja kutekelezwa na programu mbili.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni msimbo wa ukurasa wenyewe, kabla hujagusa mpangilio wowote. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na U. Kwenye Chrome ya simu ya Android andika view-source: mbele ya anwani ya makala. Kisha tafuta neno og:image. Katika makala yangu ya ubwiri unga nilikuta mistari miwili yenye tagi hiyo. Mmoja ulitaja faili linaloitwa majani-zabibu-scaled.jpg, na mwingine, mistari kadhaa chini yake, ulitaja majani-zabibu-1024x768.jpg. Macho ya binadamu yangesema ni picha moja. Programu haina macho. Hulinganisha anwani herufi kwa herufi, na anwani hizo mbili hazifanani, hivyo ilizihesabu kuwa picha mbili na kuzipakia zote.

Majina hayo yanahitaji maelezo. WordPress ikipokea picha haihifadhi nakala moja, bali hutengeneza nakala kadhaa za ukubwa tofauti, kwa kawaida zikiwamo za pikseli 150, 300, 768 na 1024, na huandika vipimo mwishoni mwa jina la faili. Tangu toleo la 5.3 lililotoka Novemba 2019, picha yenye upande unaozidi pikseli 2560 hupunguzwa hadi kipimo hicho na jina lake huongezewa neno scaled. Picha nyingi zinazopigwa kwa simu za siku hizi huzidi kipimo hicho, kwa hiyo karibu kila picha ya shambani huishia kuwa na familia nzima ya mafaili, na kiolezo cha tovuti (theme, kinachopanga mwonekano wake) kikichagua mmoja wa familia hiyo huku plagini, yaani programu ya nyongeza ya WordPress, ikichagua mwingine, tayari una picha mbili zinazotambulika kama tofauti.

Mistari ile miwili iliandikwa na nani? Mmoja uliandikwa na plagini ya kusaidia tovuti ionekane kwenye injini za utafutaji, na mwingine uliandikwa na kiolezo, ambacho mtengenezaji wake aliingiza tagi za Open Graph moja kwa moja katika faili la header.php. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Baadhi ya plagini hujaribu kuepusha mgongano huu: Jetpack, kwa mfano, huacha kuandika tagi zake inapoitambua plagini nyingine inayojulikana kwa kazi hiyo, kama vile Yoast SEO. Lakini plagini haiwezi kutambua mistari iliyoandikwa kwa mkono ndani ya kiolezo, na huko ndiko watu wengi husahau kutazama.

Ushauri wangu ni kuchagua mwandishi mmoja wa tagi na kuwazima wengine wote. Mimi niliiachia kazi hiyo plagini kwa sababu mbili. Kwanza, inaniruhusu kuteua picha ya kusambazia kwa kila makala, tofauti na ile ya ndani ya ukurasa nikitaka. Pili, huandika pia upana na urefu wa picha katika tagi za og:image:width na og:image:height, jambo ambalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Vipimo hivyo visipoandikwa, Facebook hulazimika kwanza kuipakua picha na kuichakata, na mtu wa kwanza kusambaza anaweza kupata kiungo kisicho na picha. Usambazaji wa kujiendesha ndio huwa wa kwanza daima, kwa kuwa hutokea mara tu unapobonyeza kitufe cha kuchapisha. Naamini watu wengi hupata picha mbili kwa mlango huu: waliona kiungo kimetoka bila picha, wakawasha chaguo la kupakia picha kuu pamoja na makala, na tangu siku hiyo onyesho linapofanikiwa picha hutoka mara mbili. Kipimo kinachopendekezwa na Facebook kwa picha ya kiungo ni pikseli 1200 kwa 630, na ukiandaa picha kuu kwa kipimo hicho hutahitaji kuipakia kando.

Mistari ya kwenye kiolezo niliiondoa kupitia kiolezo mtoto, yaani kile kinachobeba mabadiliko yako juu ya kiolezo mzazi, ili isirudi kiolezo mzazi kitakaposasishwa, baada ya kuhifadhi nakala ya faili la awali. Facebook ikatulia.

Telegram haikutulia, kwa sababu chanzo chake kilikuwa kingine kabisa. Katika chaneli yangu programu ya kusambaza ilikuwa ikituma ujumbe mbili: wa kwanza ni picha kuu peke yake, wa pili ni kichwa cha makala na kiungo, na Telegram ilipokiona kiungo ikaongeza onyesho lenye picha ileile. Hapa tagi hazina kosa lolote. Dawa ni kuamua picha itoke upande upi. Ukiweka kichwa na kiungo kama maelezo chini ya picha katika ujumbe mmoja, Telegram haitengenezi onyesho la kiungo; ukipendelea onyesho, zima utumaji wa picha. Na kama unatumia boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu, mfumo wa boti wa Telegram una kigezo cha kuzima onyesho la kiungo katika ujumbe. Mimi nilichagua onyesho, kwa sababu msomaji akiligusa hufika kwenye makala, ilhali akiigusa picha hukuza picha tu.

Wanaotumia huduma za kati zinazosoma mlisho wa RSS, kama IFTTT, watazame vipengele vya ujumbe wanavyoviunganisha (IFTTT huviita ingredients). EntryImageUrl huleta anwani ya picha, na EntryContent huleta mwili wa makala, ambao mara nyingi umebeba picha hiyohiyo. Ukivitumia vyote viwili katika agizo moja, umejiletea picha mbili kwa mkono wako. Vivyo hivyo, kama kiolezo chako huonyesha picha kuu juu ya makala, usiiingize tena kama picha ya kwanza ndani ya maandishi. Msomaji wa tovuti huiona mara mbili, na mlisho huibeba mara mbili.

Zipo tofauti ndogo za anwani ambazo huleta madhara yaleyale: http mahali pamoja na https pengine, www kuwepo au kukosekana, au picha kupitishwa kwenye seva za kuharakisha. Anayewasha huduma ya picha ya Jetpack ataona anwani za picha zikianza na i0.wp.com, wakati tagi iliyoandikwa na plagini nyingine inaweza kuwa bado inataja seva ya tovuti yenyewe. Hakikisha anwani ya tovuti imeandikwa kwa namna moja katika mipangilio ya jumla ya WordPress, na baada ya mabadiliko yoyote futa kashe ya tovuti, vinginevyo roboti zitaendelea kupewa ukurasa wa zamani wenye tagi mbili.

Ndipo tunafika kwenye kashe za mitandao yenyewe, ambazo zina nafasi yake, ila ni nafasi ya mwisho. Facebook ina ukurasa wa wasanifu uitwao Sharing Debugger. Unabandika anwani, unaona tagi zilizosomwa, na kitufe cha Scrape Again huilazimisha roboti kusoma upya. LinkedIn ina Post Inspector. Kwa Telegram, unaituma anwani kwa boti iitwayo WebpageBot. WhatsApp ni tofauti: onyesho hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma wakati anapotuma, kwa hiyo ujumbe uliokwisha kwenda kwenye kundi hauwezi kurekebishwa kutoka kwenye tovuti. Makala ambayo bado ni rasimu nayo haipimiki kwa zana hizi, kwa kuwa roboti haziwezi kuingia kwa nywila yako. Badala yake tengeneza ukurasa wa majaribio wa Facebook usiokuwa na wafuasi, uunganishe na tovuti kwa muda, na uchapishie huko makala fupi ya kupimia.

Kwa sisi tunaoandika habari za mashambani, kashe ina umuhimu wa pekee. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na kila msimu ukikaribia wakulima wa Mpunguzi na Hombolo huzisambaza tena makala za zamani, zile za kupogolea na za magonjwa. Ukibadilisha picha lakini ukaliacha faili na jina lilelile, Facebook inaweza kuendelea kuonyesha ile ya zamani. Ni salama zaidi kuipakia picha mpya kwa jina jipya.

Ikiwa tatizo lako si picha mbili katika chapisho moja bali makala tofauti zote kutoka na picha moja, aghalabu nembo ya tovuti, basi makala hizo hazina picha kuu na plagini inatumia picha ya akiba. Weka picha kuu katika kila makala, litakwisha. Na kama chapisho zima ndilo linalotokea mara mbili, tafuta programu mbili zilizounganishwa na ukurasa mmoja, kisha ondoa ruhusa ya mojawapo katika mipangilio ya ukurasa huo.

Kuhusu machapisho yaliyokwisha kutoka na picha mbili, sikuyafuta yote. Yale ambayo wasomaji hawakuyachangia niliyaondoa na kuyatuma upya. Yale yenye maswali na majibu ya wakulima chini yake nimeyaacha kama yalivyo, kwa kuwa majibu hayo yana faida kuliko unadhifu wa ukurasa, nikaongeza juu ya maandishi sentensi moja inayosema kwamba picha zote mbili ni za jani moja lenye ubwiri unga.