Nilivyobadilisha Taa za Nyuma za Pikapu Yangu Kuwa za LED

Jioni moja, nikiwa nimesimama kwenye foleni, dereva aliyekuwa nyuma yangu alishuka, akaja hadi dirishani na kuniambia kwa upole kwamba taa yangu ya breki ya kushoto haiwaki kabisa. Nilimshukuru, lakini niliendesha hadi nyumbani nikiwa na wasiwasi mwingi, kwa kuwa sikujua ni siku ngapi nimekuwa nikifunga breki mbele ya watu bila kuwapa onyo lolote. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa balbu ya upande ule kuungua katika mwaka mmoja, na ndipo nilipoamua kuachana na balbu za uzi.

Pikapu huziua balbu za nyuma kuliko magari mengi madogo. Springi zake zimeundwa kubeba mzigo, hivyo inapokuwa tupu sehemu ya nyuma hurukaruka kwenye kila shimo, na kila unapoufunga mlango wa nyuma kwa kishindo, taa zilizo kando yake hupata pigo hilo hilo. Ndani ya balbu ya kawaida mna uzi mwembamba wa tangsteni ambao, ukiwa umewaka, hauvumilii mitikisiko ya namna hiyo kwa muda mrefu. LED, taa inayotoa mwanga kwenye kipande kidogo cha kielektroniki, haina uzi wa kukatika. Tena uzi huhitaji muda wa kupata moto, takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kabla ya kufikia mwanga wake kamili, ilhali LED huwaka papo hapo. Muda huo unaonekana mdogo, lakini gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo anayenifuata huiona breki yangu akiwa na mita tano na nusu zaidi za kusimamia. Kwangu mimi, mita hizo zina thamani kubwa kuliko umeme wote utakaookolewa.

Nilipozifungua taa, nilikuta kwenye kitako cha balbu ya breki maandishi P21/5W, maana yake ni balbu yenye nyuzi mbili: wa wati 21 kwa ajili ya breki na wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo za usiku. Pini zake mbili za pembeni haziko kwenye kimo kimoja, ili balbu isiweze kuingizwa kinyume. Soma kitako cha balbu yako mwenyewe kabla ya kununua, kwa sababu magari yanayofanana kwa sura hutofautiana katika jambo hili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua LED nyeupe, nikidhani kwamba kioo chekundu cha taa kingeipa rangi yake. Kilichotoka kilikuwa mwanga hafifu wenye wekundu uliopauka. LED nyeupe, kwa kweli, ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa tabaka la kemikali linalogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano, hivyo wekundu uliomo ndani yake ni kidogo, na kioo chekundu huzuia karibu yote yanayobaki. Rangi ya LED ifuate rangi ya kioo: nyekundu nyuma ya kioo chekundu, ya chungwa nyuma ya kioo cha chungwa, na nyeupe ibaki kwa taa ya rivasi.

Hata nilipopata nyekundu, jozi ya kwanza niliirudisha dukani. Ilikuwa na mwanga mkali kwenye ncha tu, wakati bakuli la kuakisi lililo ndani ya taa limepangwa kupokea mwanga unaotoka pembeni, pale ulipokuwa uzi; matokeo yake yalikuwa nukta moja kali katikati na giza pembezoni. Kibaya zaidi, tofauti kati ya taa ndogo na breki ilikuwa finyu mno. Naomba jambo hili lisipuuzwe, kwa sababu usiku dereva wa nyuma anaiona taa nyekundu muda wote, na kinachomwambia kwamba umekanyaga breki ni kule kuongezeka kwa mwanga. Taa inayong'aa sana lakini isiyobadilika vya kutosha ni hatari kuliko balbu ya zamani yenye mwanga wa kawaida. Zaidi ya hayo, katika nchi nyingi taa huidhinishwa pamoja na aina ya balbu iliyoundiwa, kwa hiyo ulizia kanuni za ukaguzi wa magari kabla hujatumia fedha zako.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote haikuwa ya balbu, bali ya waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi la gari. Kabla ya kubadilisha chochote nilikuwa nimeona kwamba nikikanyaga breki, indiketa ya kushoto nayo huwaka kwa mbali. Hiyo ni dalili ya umeme uliokosa njia ya kurudi kwenye bodi, ukaamua kupita kwenye balbu za jirani. Nilifuata waya mweusi kutoka kwenye soketi hadi chini ya bodi la mizigo, nikakuta pete yake imefungwa kwa skrubu moja iliyogeuka kahawia, na nilipoigusa kwa bisibisi kutu ilidondoka kama maganda. Nilisugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikaweka skrubu mpya, nikapaka grisi juu ya kiungo. Naamini kabisa kwamba balbu mbili kati ya zile tatu zilizonisumbua hazikuwa na kosa.

Kisha zikaja indiketa, ambazo zilianza kupepesa kwa kasi isiyo ya kawaida mara tu nilipoweka LED. Flasha ya gari langu, yaani kifaa kinachoziwasha na kuzizima indiketa, hupima mkondo unaopita: balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, nayo LED huvuta sehemu ndogo tu ya hiyo, hivyo flasha hudhani kwamba balbu imeungua. Wapo wanaounganisha rezista ya omu 6, kipande kinachovuta umeme wa ziada, kati ya waya wa indiketa na athi ili kuidanganya flasha. Njia hiyo inafanya kazi, lakini rezista hiyo hugeuza takriban wati 30 kuwa joto kila indiketa inapowaka, na ikiegemea plastiki au waya itaviyeyusha. Lazima ifungwe kwenye chuma. Mimi nilipendelea kubadilisha flasha yenyewe kwa ile ya kielektroniki isiyotegemea mzigo, ingawa kwa kufanya hivyo nimepoteza onyo la indiketa iliyokufa na sasa hulazimika kuzikagua kwa macho. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoongoza indiketa, hakuna flasha ya kubadilisha.

Nilipomaliza, nilimketisha binti yangu kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, nami nikarudi nyuma hatua 30 nikiwa nimelipa jua mgongo, kwani mwanga wa mchana ndio unaozifichua taa dhaifu.

“Baba, nikanyage sasa?”

“Kanyaga, mama. Achia. Kanyaga tena.”

Kioo chote kilijaa wekundu kwa mara moja, pande zote mbili sawa, na indiketa ya kushoto haikuwaka hata kidogo. Tulimalizia na indiketa, yeye akihesabu kwa sauti nami nikitazama saa: mara 84 kwa dakika, ndani ya mipaka ya 60 hadi 120 inayokubalika. Balbu moja ya zamani iliyo nzima nimeiweka kwenye sanduku la vifaa, ili nikipatwa na tatizo njiani niweze kujua haraka kama kosa ni la LED au ni la waya.