Barua ya mnunuzi ilivyotupeleka vibanjani

Mwaka 2023 chama kikuu cha ushirika kilituletea nakala ya barua ya mnunuzi wa Ujerumani. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria: kahawa ya shamba lililofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020 haitaingia sokoni kwao, na kila shehena lazima ijulikane imetoka shamba gani. Mimi ni katibu meneja wa AMCOS moja, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huku Karagwe, mkoani Kagera. Daftari langu lilikuwa na majina, mengine ya marehemu, na safu ya eka ambayo kila mtu alijitajia anavyopenda.

Bodi ikasema tutafute mnunuzi asiye na maneno mengi. Nami nilikuwa upande huo, sikatai, mpaka nilipokaa na vitabu vya mauzo nikaona bei nzuri zote tulizowahi kupata zilitoka kwa hawahawa wenye maneno.

Tukachukua vijana wanne wenye simu janja wakapime mashamba. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja kwenye ramani, na vibanja vyetu, yaani mashamba ya migomba na kahawa kuzunguka nyumba, karibu vyote ni vidogo, kwa hiyo niliahidi wiki mbili. Ilikwenda msimu mzima. Chini ya migomba simu inahangaika. Mzee mmoja alionekana analima katikati ya barabara. Na hofu nayo! "Katibu, mwanangu," bibi mmoja aliniuliza mlangoni, "mkishapima mnakuja na kodi au na mwekezaji?" Ilibidi nipime changu kwanza, watu wakiangalia.

Kisha ramani ya setilaiti ikasoma baadhi ya vibanja kuwa ni msitu. Kahawa yetu hukaa kati ya migomba, na juu yake mihumula na mikuyu ya kivuli. Kutoka angani ni kijani kitupu. Ukiangusha miti ya mbao, ramani inaweza kukuhesabu umefyeka. Tukapiga picha mashina ya mibuni iliyopandwa na mababu, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri. Mnunuzi alipoziona hakuuliza tena habari za msitu. Aliuliza kama kahawa ya vibanja vile inaweza kufungwa peke yake, bila kuchanganywa, naye aongeze bei. Akaongeza.

Faida ninayoithamini zaidi, hata hivyo, ni ya hapahapa. Tulipohesabu mibuni, butura, ule ununuzi wa kahawa kabla haijavunwa, ikaanikwa. Mjumbe mmoja wa bodi, kibanja chake robo eka, alikuwa ameleta magunia ambayo miti yake isingezaa hata kwa muujiza. Alikuwa ananunua kahawa za jirani zikiwa bado maua. Alijiuzulu kabla sijamaliza kusoma orodha. Na kwa orodha hiyohiyo benki ilikubali kuwakopesha wanachama kwa kukadiria mavuno yao. Kabla ya hapo walikuwa hawana pa kwenda mwezi wa ada za shule isipokuwa kwa mtu wa butura.

Sheria yenyewe imeahirishwa mara mbili, mwaka mmoja kila mara, na wapo walionicheka. Juzi yule bibi alikuja ofisini akitembelea fimbo. Ana mgogoro wa mpaka na mtoto wa shemeji yake, anataka nimchapie ramani ya kibanja chake. Nukta moja haionyeshi mpaka. Kesho kijana anarudi kwake kuuzunguka wote.