Mtoto wa manamba kwenye Njia Nyekundu

Jumapili usiku, na bado sentensi moja ya Mzee inanizunguka kichwani. "Hao unaowacheka ndio walionisomesha." Aliisema Jumatano, polepole, huku akitoa miiba kwenye samaki, wala hakuniangalia.

Mnajua tangu mwezi uliopita nasoma Metro 2033 ya Dmitry Glukhovsky. Vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia, na wakazi wa Moscow waliosalimika wanaishi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, wanapanda uyoga, na risasi ndiyo pesa yao. Wafanyabiashara, wanaojiita Hansa, wameshika njia ya duara. Mafashisti wana stesheni zao tatu. Makomunisti wameshika Njia Nyekundu. Nikawa namsimulia Mzee mezani: Baba, wenzenu hata dunia ikiisha wanagombana! Wakubwa wa Njia Nyekundu wanataka kujenga ujamaa kwenye njia moja tu, wengine wamekataa na kujitenga. Nikacheka. Nikaongeza, "Bila shaka na foleni za unga wanazo, kama enzi zenu." Hapo ndipo aliponijibu.

Nimeirudia mara ngapi? Najiuliza kama alikasirika. Hapana, hasira ya Mzee mnaijua, ina kelele. Hii ilikuwa sauti ile ya siku tuliyomzika Bibi. Babu alikuwa manamba, alitoka Kasulu kuja kukata mkonge Korogwe, na mtoto wake akapanda ndege mwaka 1978 kwenda Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, huko huko Moscow, bila nyumba ile kutoa hata senti. Hayo nayajua tangu utotoni. Nayajua, na bado nilicheka.

Wiki hii Mwanaidi kajifungua mapacha, ofisini tumeambiwa tujiandae kuhamia Dodoma, na mimi nimekwama kwenye sahani ile ya samaki.

Jana nikaenda kumwomba radhi. Hakunipa nafasi. "Endelea na hadithi. Wale waliojitenga walikwenda wapi?"

Nikamwambia wameunda brigedi yenye jina la Che Guevara na wanazunguka mahandakini kwa kiberenge. Mafashisti wanapokuwa tayari kumnyonga kijana Artyom, hao wanatokea wakifyatua risasi, wanamnyakua, wanatoweka naye gizani. Na mmoja wao, Maxim, ni mweusi.

Mzee akaweka kikombe chini. "Mweusi? Chini ya Moscow?"

"Ndiyo, Baba."

Akanyamaza. Kisha akatabasamu mpaka pengo likaonekana. "Kumbe mmoja wetu alibaki!"

Sijamwona Mzee akifurahi hivyo tangu aache kazi. Akachukua bahasha ya bili ya maji, akaanza kuchora. Yugo-Zapadnaya, mwisho wa njia enzi hizo, ndiko alikopandia akitoka bwenini. Nauli kopeki tano, uende popote. Kwenye Leninskiye Gory akachora mawimbi: stesheni iko juu ya daraja, unauona mto Moskva kupitia vioo, halafu treni inazama tena ardhini. Alikuwa akisimama mlangoni makusudi, asiukose mto. Miezi ya kwanza, kabla Kirusi hakijamkaa mdomoni, alijifunza kwa kurudia tangazo la kwenye behewa: tahadhari, milango inafungwa. Alilitamka tena jana, kwa lafudhi ambayo sikujua bado anayo.

Alipofika katikati ya jiji akaandika Prospekt Marksa. Ramani ya simu yangu inasema Okhotny Ryad. Nikamwonyesha kwamba jina lilibadilishwa mwaka 1990. "Mimi nilishuka Prospekt Marksa," akasema, na hakufuta.

Njia Nyekundu ndiyo aliyoipanda kila wiki. Huku nimemsimulia mwezi mzima kana kwamba namfundisha! Makomunisti wa kitabuni bado wananitisha, na maoni yangu juu ya ujamaa unaolindwa kwa bunduki ni yale yale. Ila ile kauli ya foleni za unga natamani ningeimeza. Bahasha nimekuja nayo. Iko hapa mezani, mkono wake ulitetemeka kidogo pale kwenye daraja, mawimbi yamevuka mstari.