Siku Moja Maishani Mwangu: Kumngoja Kozi

Saa 10 alfajiri. Alamu haijalia, macho yameshafunguka. Begi nililifunga jana: kamera, lenzi ya milimita 600, betri za akiba. Koti langu la kazi nililitoa zipu, maana asubuhi tulivu hata zipu ni kelele.

Saa 11 na nusu. Mwanga wa kwanza. Tunaingia kwenye maficho ya turubai wawili, mimi na rafiki yangu, kisha yeye anatoka na kuondoka wazi wazi, bila kujificha. Kozi, yule ndege mbuai ninayemngoja nimpige picha, hajui kuhesabu. Akishamwona mtu ameenda zake, kwake pale hapana mtu tena. Hila ya wakongwe, na bado inawashinda ndege. Turubai lenyewe liko hapo wiki ya pili sasa, ng'ambo ya bonde, ili walizoee.

Saa 1 asubuhi. Jike ametua kwenye jiwe lake, lile lililogeuka jeupe kwa vinyesi. Ni mkubwa kuliko dume, unamtambua hata bila darubini. Jua liko mgongoni mwangu. Naweka kasi ya kamera 1/500 ya sekunde, nampiga sura: masharubu meusi shavuni, pete ya njano kuzunguka jicho, na kinyoya cha windo la jana kimeganda pembeni mwa mdomo. Anajikuna, hakitoki.

Saa 2 mpaka saa 4 hakuna kitu. Mguu umekufa ganzi.

Saa 4 na robo. Jike anatazama juu na kuanza kulia. Anainama mbele, anainua mkia, anarusha kinyesi. Ukiona hivyo, kidole kikae kwenye kitufe, kwani mara nyingi ndege mbuai hupunguza mzigo kabla tu ya kuruka. Dume anakuja na windo, jike anaruka, anajipindua chali hewani na kulipokea kwa makucha. Imekwisha. Na mimi? Bado niko 1/500! Ndege wa angani namtaka 1/3200, jambo ninalowafundisha wengine kila siku, halafu nimelisahau mwenyewe.

Saa 6 mchana. Ardhi imepata moto, hewa inacheza juu ya bonde, picha zote zinatoka laini. Watu hulaumu fokasi. Hata lenzi iwe ghali vipi, mvuke wa joto hauipishi.

Saa 8. Upepo umegeuka. Ndege huruka akiukabili upepo, kwa hiyo sasa kila akiondoka ananipa mgongo. Ningeweza kusogea chini ya mwamba wenye kiota, na nimewaona wanaofanya hivyo. Jike hupaa akipiga kelele, makinda yanabaki juani bila kivuli chake. Picha ya namna hiyo siitaki hata ya bure. Rafiki yangu anarudi kunitoa, tunashuka.

Saa 1 usiku. Nafuta mamia. Kabla ya kumtumia mtu yeyote picha naondoa taarifa za mahali ndani ya faili, kwa sababu wezi wa mayai na makinda nao wanajua kusoma ramani. Zimebaki 9. Moja ni ya pale hewani: mabawa ni ukungu mtupu, ila kichwa kimesimama vizuri, na kile kinyoya bado kiko mdomoni.