Jinsi nilivyorejeshewa fedha za vipimo vya safari ambavyo hatukuvitumia

Machi 2022 mimi na mama tulikuwa katika maandalizi ya mwisho ya kwenda Leeds, Uingereza, kumtazama mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Wakati huo msafiri ambaye hakuwa amekamilisha chanjo ya UVIKO-19 alitakiwa kupima kabla ya kuondoka, na pia awe amelipia mapema kipimo cha PCR cha kufanywa kabla ya kumalizika siku ya pili tangu kuwasili. Namba ya oda ya kipimo hicho ilijazwa kwenye fomu ya taarifa za msafiri, na asiyekuwa na fomu hiyo alikuwa na hatari ya kuzuiwa uwanja wa ndege. Sisi wawili tulikuwa katika kundi la wasiokamilisha chanjo. Nikaagiza vipimo viwili mtandaoni nikiwa hapa Mwanza, nikalipa kwa kadi yangu ya benki, na kampuni ya huko Uingereza ikavipeleka moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wangu, mahali tulipotarajia kufikia.

Tarehe 14 Machi serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia saa 10 alfajiri ya tarehe 18 masharti yote ya UVIKO-19 kwa wanaoingia nchini humo yangeondolewa, kwa waliochanjwa na wasiochanjwa, pamoja na ile fomu yenyewe. Ndege yetu ilikuwa ya mwishoni mwa mwezi. Kipimo cha kabla ya kuondoka hatukuwa tumekilipia bado, maana kilipaswa kufanywa siku za karibu kabisa na safari, kwa hiyo upande huo hatukupoteza kitu. Lakini vile viwili vya Leeds vilikuwa vimeshalipiwa na vimeshafika.

Watu wengi wa karibu walinishauri niachane na fedha hizo, wakisema zikishavuka bahari hazirudi. Sikukubaliana nao, na bado sikubaliani nao. Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ya familia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambako mnunuzi akirudisha gunia ambalo mshono wake haujaguswa, ndani ya muda mliokubaliana, hakuna anayemwona kuwa anaomba msaada. Niliona jambo la vipimo hivi ni la aina hiyohiyo, ila hapa muda na masharti viliwekwa na sheria, wala haikuhitaji mimi na muuzaji tuelewane.

Jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kuiandikia kampuni neno lolote, lilikuwa kumpigia simu mdogo wangu. Nilimwambia asifungue sanduku lolote kati ya yale mawili, na wala asiingize namba zake mtandaoni. Alinitumia picha. Kila sanduku lilikuwa na lakiri ya karatasi iliyobandikwa mdomoni, na ubavuni kibandiko chenye msimbo pau ambao mtumiaji husajili kwenye tovuti ya kampuni ili maabara ijue sampuli ni ya nani. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyobeba shauri zima. Lakiri ikishakatwa, muuzaji anapata sababu ya kisheria ya kukataa kupokea bidhaa ya afya. Msimbo ukishasajiliwa, anaweza kudai kwamba huduma ya maabara ilishaanza kwa ombi la mteja. Yeye akaniuliza, “Dada, na ile karatasi ya maelekezo niliyoikuta nje ya sanduku, nayo niirudishe?” Nikamwambia airudishe pia, kila kitu kama kilivyoletwa.

Baada ya hapo nilisoma masharti ya kampuni mstari kwa mstari. Yalisema mambo mawili yaliyonihusu: kwamba mkataba unafuata sheria za Uingereza, na kwamba vipimo vikishatumwa fedha hazirudishwi. Sentensi ya kwanza ilinisaidia kuibomoa ya pili. Kanuni za Mikataba ya Watumiaji za mwaka 2013 za huko Uingereza zinampa mtu aliyenunua bidhaa kwa njia ya mtandao siku 14, tangu siku inayofuata ile aliyoipokea, za kuvunja mkataba bila kutoa sababu yoyote. Muuzaji hawezi kuifuta haki hiyo kwa kuandika kinyume chake kwenye tovuti yake. Akishindwa hata kumweleza mnunuzi kwamba haki hiyo ipo, muda huo unarefuka, na unaweza kufika hadi miezi 12 zaidi. Bidhaa za afya zimetajwa miongoni mwa zile ambazo haki hiyo inaweza kupotea, lakini maneno ya kanuni ya 28 yako wazi: inapotea pale bidhaa iliyofungwa kwa lakiri inapofunguliwa baada ya kufikishwa. Sanduku ambalo halijafunguliwa halimo.

Nilipata pia nguvu kutokana na jambo lililotokea mwaka uliotangulia. Agosti 2021 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza, CMA, iliwaandikia barua ya wazi watoa huduma wa vipimo vya PCR vya wasafiri, ikiwaonya juu ya mienendo iliyoweza kuvunja sheria ya kumlinda mtumiaji, ukiwemo ugumu wa kurudisha fedha. Kwa hiyo nilijua kwamba kampuni ninayoiandikia haiwezi kusema haijapata kusikia habari hizi.

Barua pepe yangu ilikuwa fupi. Nilitaja namba ya oda, tarehe ya kununua, tarehe ambayo vipimo vilifika, kisha nikaandika kwamba kwa maandishi haya ninavunja mkataba chini ya kanuni za mwaka 2013, kwamba lakiri hazijakatwa na misimbo haijasajiliwa, na kwamba naomba anwani ya kurudishia. Sikueleza habari za mtoto mchanga wala za mama. Sheria haidai sababu, na nimeona katika biashara kwamba ukitoa sababu mwenzako huanza kujadili sababu badala ya kujadili deni. Niliambatanisha picha za masanduku na uthibitisho wa malipo.

Walinijibu kwamba bidhaa za afya hazirudishwi, ila kwa moyo mwema wangenipa vocha ya kununulia vipimo vingine siku za baadaye. Vipimo vya nini, ilhali sharti lenyewe limefutwa? Niliwajibu kwa heshima kwamba vocha siihitaji, nikanukuu yale maneno ya kanuni ya 28 kuhusu lakiri, na nikawakumbusha kwamba fedha hurudishwa kwa njia ileile iliyotumika kulipa isipokuwa mteja mwenyewe akubali nyingine. Niliwaarifu pia kwamba masanduku yanatumwa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye tovuti yao, kwa kuwa mnunuzi akishatoa taarifa ya kuvunja mkataba ana siku 14 za kurudisha bidhaa, na sikutaka ukimya wao uzile siku hizo. Mdogo wangu aliyapeleka posta, akaomba stakabadhi ya uthibitisho wa kutuma, ambayo huko hutolewa bure ukiomba, akanitumia picha yake siku hiyohiyo. Stakabadhi ile ina uzito, kwa sababu muuzaji anapaswa kurudisha fedha ndani ya siku 14 tangu apokee bidhaa au tangu apewe ushahidi kwamba imetumwa, lolote litakalotangulia.

Wakanyamaza. Hapo ndipo nilipokwenda benki yangu, tawi la mjini kati. Kijana wa dirishani alinisikiliza, kisha akasema, “Mama, muamala huu uliuidhinisha wewe mwenyewe kwa namba ya siri iliyokuja kwenye simu yako, kwa hiyo hatuwezi kuuhoji.” Nilimweleza kwamba sisemi nimeibiwa. Pingamizi la muamala wa kadi halihusu wizi peke yake. Lipo pia la mteja ambaye bidhaa haikumfikia, na lipo la mteja aliyerudisha bidhaa na kudai fedha zake kihalali lakini muuzaji hakuzirejesha. Langu lilikuwa hilo la mwisho. Akamwita mkuu wake wa kitengo cha kadi, naye akanipa fomu. Mitandao ya kadi huweka ukomo wa muda kwa mapingamizi haya, kwa kawaida siku 120, hivyo anayekaa akisubiri ahadi za muuzaji anajipunguzia nafasi. Niliambatanisha barua zote mbili, majibu ya kampuni na stakabadhi ya posta. Laiti benki ingekataa kupokea malalamiko yangu, ningeyaandika rasmi kwao kwanza, kisha ningeyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha.

Hapa niseme neno kuhusu ushauri uliozagaa wakati ule, kwamba mtu adai chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974. Kifungu hicho kinawahusu wenye kadi za mkopo za huko, kwa kitu kimoja kinachozidi pauni 100 na kisichozidi 30,000. Kadi yangu ni ya akaunti ya kawaida ya benki ya hapa, na kila kipimo kilikuwa chini ya pauni 100. Hakikunihusu hata chembe.

Niliiandikia kampuni mara nyingine kuwajulisha kwamba pingamizi limefunguliwa benki. Majibu yalikuja haraka kuliko yote yaliyotangulia, na fedha zikaingia kwenye akaunti kabla benki haijamaliza uchunguzi wake, bei ya vipimo vyote viwili pamoja na gharama ya kawaida ya kuvisafirisha, ambayo nayo kanuni zinataka irudishwe. Gharama ya posta ya kuvirudisha ilibaki juu yetu, kwa kuwa masharti yao yalitamka hivyo na sheria inaruhusu. Kiasi cha shilingi kilichoingia kilikuwa pungufu kidogo ya kilichotoka, kwa sababu pauni zilezile zilibadilishwa kwa viwango vya siku mbili tofauti na makato ya benki hayarudi. Niliandika barua benki kuondoa pingamizi, kwani kuliacha liendelee wakati umeshalipwa ni kudai mara mbili.

Jirani yetu wa Pasiansi alikuwa na shauri linalofanana na langu, ila yeye alilipia tiketi na kipimo kwa pamoja kwa wakala wa safari wa hapa mjini, kwa fedha taslimu. Kanuni za Uingereza hazikuwa njia yake, kwa sababu aliyefanya naye mkataba alikuwa Mwanza. Nilimsaidia kuandika barua akitumia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinachomtaka aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliobatilika ayarejeshe. Wakala alijitetea kwamba kipimo alishakilipia kwa kampuni ya nje. Jirani akamwomba, kwa maandishi, uthibitisho wa malipo hayo, na akamweleza kwamba angeupeleka pamoja na barua zote Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Uthibitisho haukuonekana. Wakala alirudisha bei ya kipimo kwa awamu kupitia simu, akabakiza ada yake ya huduma ya tiketi, na jirani aliikubali kwa kuwa tiketi aliitumia.