Mradi wa mashairi: kolamu ya "nani anasema" imenigomea, ya "nani ana hela" imekubali

Jamani imekubali! Faili langu la Excel lilikuwa limekwama tangu kabla ya Ramadhani, kila nikilifungua nalifunga, jana usiku ndo limeanza kueleweka. Kwa mnaofatilia huu mradi wangu wa kupanga nyimbo zetu kuanzia santuri za enzi zile mpaka bongo fleva, ili nione mwanamke ndani ya wimbo kabadilika vipi, ngoja niandike kabla sijalala maana kichwa kimejaa.

Kolamu za kawaida hazikunisumbua. Iliyonitesa ni moja, niliiita "nani anasema". Nilitaka kila wimbo niweke kama anayezungumza humo ndani ni mwanamke au mwanaume, baadae nihesabu. Chukua Malaika. Anayelia pale ni kijana wa kiume hana mahari, "nashindwa na mali sina", Fadhili William kairekodi hivyo, sawa, unaandika mwanaume unasonga. Alafu anakuja Miriam Makeba, dunia nzima inaujua wimbo kwa sauti ya mwanamke, na maneno ni yale yale, ningekuoa malaika. Hapo unaandika nini? Taarab ndo usiseme kabisa. Mwimbaji mwanamke, mtunzi mara nyingi mwanaume, anayesemwa kafichwa kwenye fumbo, ni ua, ni paka, ni chombo kimekwenda mrama, na kitenzi chetu hakikwambii aliyekuja ni mke au mume, kaja tu basi. Ukumbini lakini kila mtu anajua nani kapigwa kijembe. Sasa anayesema pale ni nani, mtunzi, mwimbaji, au yule mama aliyenyanyuka na noti mkononi kwenda kutuza huku anamwangalia mwenzie wa meza ya pili?

Nikaigawa ile kolamu, mtunzi peke yake, mwimbaji peke yake, anayesemwa peke yake. Nyimbo za dansi za miaka ya 70 zikaja kuvuruga tena, mana kule wanaume wanaimba mpaka majibu ya mwanamke, analalamika, anaomba talaka, anarudi kwao, yote kwa koo la kiume. Ilinikera mno. Mwanamke ametajwa jina, wimbo umepewa jina lake, na neno lake hata moja hajalisema mwenyewe! Nilikaa na huo mkwamo wiki na wiki, nabadilisha rangi za seli tu.

Kuhusu vifaa kidogo, mana watu wananiuliza inbox. Ile apu ya kugeuza sauti kuwa maandishi mnayosifiana, kwa taarab haifai, inasikia fidla inaandika maneno, alafu lafudhi ya Unguja inaigeuza vitu havipo duniani. Mimi natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, napunguza kasi bila sauti kuwa nzito, nachukua ubeti mmoja naurudia mpaka nauelewa, na naandika kwanza kwa mkono kwenye kaunta buku. Mkono unakulazimisha usikilize. Excel inafata baadae, na Excel inatosha, hao wanaoniambia nijifunze programu za takwimu watanisamehe, tatizo langu halikuwa hesabu.

Basi jana nasikiliza rekodi moja ya ukumbini, ya kanda, unasikia vigelegele, unasikia mwimbaji anarudia mstari mmoja kwa sababu watu wanakuja kutuza hawaishi. Nikawa nasikiliza zile noti badala ya shairi. Hela inatoka kwa nani, inaenda kwa nani? Ndo ikanijia, hilo swali naweza kuliuliza kwa kila wimbo bila kujali nani anasema! Nikafungua kolamu mpya, "nani ana hela, kaipata wapi, na wimbo unamsemaje", nikaanza kujaza kuanzia juu.

Juu kabisa kuna Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na hapo ndo nilikaa muda mrefu kuliko kote. Mtoto wa Fumba, alikuwa anauza vyungu anavyofinyanga mama yake, anatembea navyo. Kaja mjini, kafundishwa, mwaka 1928 kapelekwa Bombay kurekodi santuri. Sasa mnaujua ule ubeti wa wapinzani wake, wa kumkumbusha alivyotoka shamba na kaniki, unaoishia "kama si sauti angekula nini". Nimeusikia miaka yote kama tusi la sura na ukoo. Ukiuweka kwenye kolamu ya hela unaona kitu kingine, wanakiri kwa kinywa chao kwamba huyu mwanamke anakula kwa kazi yake mwenyewe, na hicho ndo kinachowauma! Na jibu lake halikugusa hela kabisa, alijibu kwamba si hoja uzuri wala ukoo mkubwa, "hasara ya mtu kukosa akili". Karibu miaka 100 imepita na mimi bado nasisimka.

Alafu hapo hapo kuna Kijiti, wimbo wake huyo huyo, kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar aliyechukuliwa Unguja, "kenda naye maguguni kamrejesha maiti", muuaji akavuka bara, waliotiwa ndani ni wale wanawake mashahidi. Kolamu ya hela nimeiacha tupu. Ila huo wimbo lazima ubaki kwenye faili, mana ni mwanamke anaihukumu mahakama mbele ya kadamnasi wakati wa mkoloni, na santuri ikauzwa.

Kwahiyo ile hadithi ya kwamba zamani mwanamke alikaa tu ndani, kaanza kutafuta juzi, nyimbo zenyewe haziikubali. Alikuwa anatafuta siku zote. Kinachobadilika ni wimbo unavyomsema akiipata. Kwenye dansi nilizojaza, mwanamke mwenye hela mjini ni wa kutiliwa mashaka, kaipata wapi, kaponzwa na tamaa, atarudi analia. Miaka ya 90 inageuka kabisa. Mishahara ya wanaume ilishakufa kwenye miaka ya 80, nyumba ngapi ziliendeshwa na maandazi, genge, mama ntilie, upatu, tunazijua. Mwaka 1995 Mama Gertrude Mongella ndo katibu mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing, na huku mitaani waimbaji wa taarab Khadija Kopa yuko kikundi cha TOT, Nasma Khamis yuko kikundi cha Muungano, wanapigana vijembe na kumbi zinajaa wanawake waliolipa kiingilio kwa hela zao. Majigambo yametoka kwenye kuogopa aibu yameingia kwenye nimejenga, nimenunua, utanifanya nini. Kwangu mimi rusha roho, hiyo taarab ya kisasa ya vijembe, imeonewa sana na wanaoiita ya kihuni, ile ilikuwa risiti ya mwanamke anayejilipia.

2000 na kitu nimezipita haraka kidogo. Zali la Mentali ya Profesa Jay, kijana wa hali ya chini kapendwa na binti mwenye nazo, na wimbo unaiita bahati, wala haumtukani binti. Lady Jaydee anawasema wanaume kwenye wimbo wake Wanaume Kama Mabinti. Vicky Kamata anaimba Wanawake na Maendeleo, alafu 2010 anaingia bungeni kweli, viti maalum. Hizo nimezijaza kwa furaha.

Za saivi ndo zimenishika koo. Nilitegemea mstari uendelee kupanda, na hauendelei! Nyimbo nyingi nilizojaza za miaka hii hela imerudi mkononi kwa mwanaume, anahonga, anamwaga, mwanamke anatakiwa apendeze tu, na baadhi wanaziimba wanawake wenyewe, ambao nje ya wimbo ndo wanalisha familia zao na wanalipa watu mishahara. Hilo linaniuma na sitalifunika. Mtu anajitafutia kila siku alafu akishika maiki anaimba anahudumiwa.

Niliwaahidi chati ya kuonyesha mabadiliko muongo kwa muongo, naiacha. Sina hamu nayo tena, mana nimeona kitu kingine, Zuchu ni mtoto wa Khadija Kopa, na 2020 wameimba wote Mauzauza, mama na binti, rusha roho na bongo fleva ndani ya wimbo mmoja. Nataka nichukue nyimbo za mama nizilaze pembeni ya za binti, mstari kwa mstari, kolamu ya hela peke yake. Za binti zipo kila mahali. Za mama za enzi za TOT ndo kazi, nataka zile zilizorekodiwa ukumbini zenye kelele na kutuza, sio za studio. Mwenye kanda hata kama imeliwa na fangasi aniambie, nitaifata, nitaisafisha na kumrudishia na kopi yake.